Gustar Ianze na Kichwa Kinachouma

Kijana mmoja anayeongoza wageni Mji Mkongwe, Zanzibar, alinieleza jinsi alivyokaa mezani na familia kutoka Hispania, akaulizwa anapenda kula nini, naye akajibu kwa kujiamini: "Yo gusto pescado." Wenyeji wa lugha walimwelewa, kwa sababu samaki walikuwa mezani na nia yake njema ilionekana usoni. Lakini alichotamka hakikuwa "napenda samaki." Kwa Kihispania cha leo, "yo gusto" ikisimama peke yake humaanisha "mimi napendeza, watu huvutiwa nami." Ukiiongezea samaki, inasikika kama mtu anayeonja samaki kwa lugha ya karne zilizopita. Kijana huyu alikuwa amesoma miezi minane, vitenzi vya kawaida akivinyambua bila kusita. Kilichomwangusha ni sentensi ambayo kila mwanafunzi huihitaji katika wiki ya kwanza: ya kusema nini anapenda na nini hapendi.

Nimefundisha Kihispania kwa Waswahili kwa muda wa kutosha kuwa na msimamo juu ya jambo hili, na msimamo wenyewe ni huu: ugumu wa "gustar" kwa Mswahili tumeutengeneza sisi walimu. Tunamchukua mtu ambaye lugha yake ya nyumbani tayari ina muundo uleule, tunampitisha kwanza kwenye Kiingereza, ambacho leo hakina muundo huo katika kitenzi chake cha kupenda, kisha tunamwambia kwamba Kihispania kinafanya mambo kinyume. Tukianza na Kiswahili chenyewe, na hasa tukianza na kitenzi "kuuma" badala ya "kupenda," somo linalosumbua muhula mzima linaweza kueleweka kwa siku chache.

Itazame sentensi ambayo mtoto wa miaka mitatu wa Tanga au Mombasa huisema bila kufundishwa: kichwa kinaniuma. Kiima ni kichwa, si mimi. Kiambishi "ki-" kinapatana na kichwa. Mimi mwenye maumivu nimebanwa katikati ya kitenzi kwa silabi moja, "-ni-." Miguu ikiuma, kitenzi kinabadilika kwa sababu miguu ni mingi, wala si kwa sababu yangu: miguu inaniuma. Maumivu yakikupata wewe, "-ni-" inaondoka na "-ku-" inaingia: kichwa kinakuuma. Sasa iweke pembeni mwa Kihispania: "me duele la cabeza," kichwa kinaniuma, "me duelen los pies," miguu inaniuma, "te duele la cabeza," kichwa kinakuuma. Kitenzi "doler" kinafuata kichwa au miguu, na "me" na "te" zinafanya kazi ya "-ni-" na "-ku-." Hata jambo dogo linalowatesa wanafunzi wa kwingineko linafanana: Mswahili hana haja ya kusema "kichwa changu kinaniuma," maana "-ni-" imekwisha kumtaja mwenye kichwa. Mhispania naye hasemi "mi cabeza" hapo. Anasema "la cabeza," na "me" inatosha.

Baada ya hapo "gustar" haina jipya. Kitenzi chake cha Kiswahili ni "kupendeza," si "kupenda." Kitabu kinanipendeza: "me gusta el libro." Vitabu vinanipendeza: "me gustan los libros." Kitabu kinakupendeza, "te gusta"; kinampendeza, "le gusta"; kinatupendeza, "nos gusta"; kinawapendeza, "les gusta." Huko Hispania ipo pia "os" kwa ajili ya ninyi mliozoeana, ambayo Amerika ya Kihispania haiitumii, huko "les" inawatosha ninyi na wao, kama "-wa-" yetu inavyowatosha. Viambishi vya yambwa ambavyo Mswahili amevimeza tangu utotoni vinalingana na vineno vya Kihispania karibu kimoja kwa kimoja. Tofauti kubwa ni ya maandishi tu: sisi tunakibana kiambishi ndani ya kitenzi, wao wanakiandika mbele ya kitenzi kama neno la pekee.

Najua msomaji makini atapinga hapa: hakuna Mswahili anayesema "maembe yananipendeza" akimaanisha kwamba hupenda kula maembe. Ni kweli. Kwa chakula tunasema "napenda maembe," na "kupendeza" imeelekea zaidi kwenye uzuri wa kuonekana, kama tunapomwambia aliyevaa vizuri "umependeza." Ndiyo sababu nasema tuanze na "kuuma," ambayo ni ya kila siku na haina utata, kisha tuitumie "kupendeza" kama ngazi ya kupandia. Ngazi si nyumba. Tafsiri nzuri ya "me gustan los mangos" inabaki kuwa "napenda maembe," na mfasiri anayeandika hivyo amefanya kazi yake sawasawa. Kosa linaingia pale tafsiri ya maana inapogeuzwa kuwa mwongozo wa kuunda sentensi. Mwanafunzi aliyeandikiwa daftarini "gustar = kupenda" atafanya alichoelekezwa: "napenda" ina "mimi" mwanzoni, basi naye ataweka "yo" mwanzoni na kuandika "gusto."

Upatanisho ndio mahali Mswahili anapotakiwa kujiona tajiri. Kihispania kinamdai achague kati ya mawili tu, umoja au wingi, "gusta" au "gustan." Mtu aliyekua akipatanisha ngeli zote, ki- na vi-, li- na ya-, u- na zi-, hawezi kushindwa na mawili. Anashindwa kwa sababu hajaambiwa kwamba kazi ni ileile. Na kuna kipengele ambacho vitabu hukieleza kama kanuni ya kukariri, ambacho kwetu hakihitaji kukaririwa. Mtu akipenda vitendo, hata vikiwa viwili, Kihispania kinabaki na umoja: "me gusta cantar y bailar." Wanafunzi wengi duniani huandika "gustan" hapo, kwa hesabu kwamba vitendo ni viwili. Mswahili aulizwe angesemaje: kuimba na kucheza kunanipendeza. Ngeli ya "ku-" haina wingi. Amekwisha kuipata kanuni kabla ya kuufungua ukurasa wake.

Lipo jingine ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote. Ukimtaja mtu kwa jina, Kihispania kinamtaja mara mbili: "a María le gusta el café," na "le" haiachwi ingawa María ameshatajwa. Anayekuja kutoka kwenye Kiingereza huuliza kwa nini kurudiarudia. Sisi hatuna sababu ya kuuliza. Tunasema "nimemwona Maria," na anayesema "nimeona Maria" tunamsikia kuwa mgeni wa lugha. Tunasema "kahawa inampendeza Maria," na "-m-" ipo pamoja na Maria mwenyewe. Binadamu akiwa yambwa, Kiswahili kinataka alama yake ndani ya kitenzi hata kama jina lake limefuata. "Le" na "-m-" zinashika zamu ileile. Tena "le" inabeba adabu: kwa mtu mzima au usiyemjua unasema "¿le gusta el café?," si "te gusta," kwa sababu "usted" ya heshima hutumia umbo la nafsi ya tatu. Mtu aliyelelewa kusema shikamoo hahitaji kushawishiwa kwamba wakubwa wana namna yao ya kuulizwa.

Niligusie neno "kinyume," maana ndilo linaloharibu zaidi. Walimu husema "gustar ni kitenzi cha kinyumenyume," na mwanafunzi anaanza kuiogopa kabla hajaitumia. Kinyume cha nini? Kilatini kilisema "mihi placet," jambo limenipendeza. Kiitalia leo husema "mi piace." Mswahili wa Lubumbashi aliyesoma Kifaransa anajua "ça me plaît." Kiingereza chenyewe, katika enzi zake za kale, kilikuwa na muundo huo kwa kitenzi hikihiki cha kupenda, kabla hakijauacha. Na "gustar" haikuzaliwa hivi ilivyo leo: imetoka kwenye Kilatini "gustare," kuonja, na kwa muda mrefu mtu aliweza kusema "gusto de leer," naonja raha ya kusoma, yeye mwenyewe akiwa kiima. Umbo hilo bado linaeleweka na linaonekana katika maandishi ya kifahari, na Kireno kimelishika hadi leo: "eu gosto de." Waswahili wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, waliosoma kwa Kireno, hunipa kosa la aina yao, "yo gusto de pescado," na kosa hilo lina heshima zake kwa sababu lina ukoo. Lugha zimekuwa zikihamahama kati ya miundo hii miwili kwa karne nyingi. Hakuna ulio wima na ulio kichwa chini.

Wanaisimu wameliona hili kwa undani. Mwaka 1988 Adriana Belletti na Luigi Rizzi walichapisha uchambuzi wa vitenzi vya hisia vya Kiitalia, wakavigawa katika makundi matatu: kundi la "temere," kuogopa, ambamo mwenye hisia ndiye kiima; kundi la "preoccupare," kutia wasiwasi, ambamo mwenye hisia ni yambwa ya kawaida; na kundi la "piacere," ambamo mwenye hisia huja kama mpokeaji, yule anayefikiwa na jambo. "Gustar" ni ndugu wa "piacere." Nikiwaeleza wanafunzi wangu mgawanyo huu siwapi nadharia, nawaomba waniorodheshee jozi za Kiswahili. Huja zenyewe: penda na pendeza, chukia na chukiza, ogopa na ogofya, furahi na furahisha, sikitika na sikitisha, choka na chosha. Kiswahili kinajenga pande zote mbili za hisia kutoka shina moja kwa kubadilisha mnyambuliko tu. Kihispania mara nyingi hakina bahati hiyo, kinalazimika kutafuta maneno tofauti: "temo" ni naogopa, lakini kinachoniogofya "me da miedo," kinanipa hofu. "Odio" ni nachukia, lakini harufu inayonichukiza "me da asco," inanipa kinyaa.

Jozi hizo ndizo zinazomwokoa mtu upande wa kutopenda, ambao hufundishwa kwa haraka mno, kana kwamba kuweka "no" mbele ya "me gusta" kumemaliza kazi. Kuchukia kwa Kihispania hakufuati mkondo wa "gustar." "Odio el ruido," nachukia kelele, na "no soporto el ruido," sivumilii kelele, vinamweka mtu kuwa kiima kama kawaida. Mwanafunzi aliyekwisha kuizoea "me" huandika "me odia el ruido," akawa amesema kelele zinamchukia. Aulizwe tu: hapa ni chukia au chukiza? Na ngazi za ukali zipo, zinahitaji kufundishwa moja moja. "No me gusta mucho" ni ya upole. "No me gusta nada," sipendi hata kidogo, ni nzito. "Odio" haifai mezani kwa mtu aliyekupikia. Mgeni anayetaka kukataa sahani kwa adabu huko Hispania atasema "no me apetece," sina hamu nacho kwa sasa, na Meksiko "no se me antoja." Kolombia mwenyeji anayekukaribisha kahawa nyeusi atakuuliza "¿le provoca un tinto?," na zote tatu zimejengwa kwa mtindo wa hamu kunijia, si mimi kuiendea. Upande wa juu nao una mtego wake: "me encanta" imekwisha kubeba kilele cha kupenda, haiongezewi "mucho."

Dhana nyingine potofu ni kwamba "me gusta" ni kitenzi cha kujirejea kama "me levanto," naamka, kwa kuwa zote zina "me." Katika nafsi ya kwanza huwezi kuziona tofauti, na hapo ndipo mwanafunzi hujenga imani yake. Akifika nafsi ya tatu anaandika "María se gusta el café." Dawa yake tunayo: "se" ni "-ji-" yetu, "le" ni "-m-." "Se gusta" ni anajipendeza, anajiona yuko sawa. Nikishaandika "-ji-" na "-m-" ubaoni, sijawahi kuhitaji kulieleza mara ya pili.

Nisionekane kama ninayedai kwamba Kiswahili kinafungua kila mlango. Yapo mambo ambamo kinampoteza mtu, na mwalimu mkweli anayataja. La kwanza ni "mimi." Sisi husema "mimi kichwa kinaniuma," na "mimi" inakaa mwanzoni bila kiunganishi chochote. Mwanafunzi anaileta hivyohivyo: "yo me gusta." Wapo wazungumzaji wa kuzaliwa wanaoteleza namna hiyo katika maongezi ya haraka, lakini sarufi haiikubali, inataka "a mí me gusta," kwangu mimi. Kosa hilo lina mdogo wake katika majibu. Mwenzio akisema "me gusta el mar," sisi tungejibu "mimi pia," naye mwanafunzi anajibu "yo también." Jibu sahihi ni "a mí también." Na kwenye ukanushi, pale tunapoendelea kusema "hata mimi," Kihispania kinabadilisha neno: "a mí tampoco."

La pili ni vineno "el, la, los, las." Kiswahili hakina vitu hivyo, basi Mswahili huandika "me gusta café" na kuendelea na safari. Kihispania kinataka "me gusta el café" hata unapoizungumzia kahawa kwa jumla, kahawa yote ya dunia. Hapa hakuna msaada wa nyumbani. Ni mazoezi tu, na nisingependa mwalimu atumie dakika moja kutafuta mlinganisho usiokuwepo.

La tatu ni hila zaidi, nalo ni "napenda uje." Kiswahili kina hali ya dhamira, irabu ile ya "-e" mwishoni, na Kihispania kinayo yake: "me gusta que vengas." Zinafanana sana, na zinadanganya. "Napenda uje" ni ombi, nataka ufike. "Me gusta que vengas" ni furaha juu ya jambo linalotokea, yaani hunipendeza unapokuja. Kwa ombi, Kihispania hutumia "me gustaría que vinieras," ningependa uje, na "-nge-" yetu inaiongoza "gustaría" vizuri kabisa.

Kisha kuna watu. Kupenda kwetu ni kapu moja kubwa: mama, mchumba, pilau, mpira, jirani mwema, wote tunawapenda kwa neno lilelile. Kihispania kimeligawa kapu. "Me gustas," ukimwambia mtu, haisemi kwamba ni mtu mzuri wa kukaa naye. Inasema umevutiwa naye kimapenzi, na kwa hili "umenipendeza" ya Kiswahili, ikisemwa na kijana kwa msichana, ina uzito uleule. Nimesahihisha barua ya shukrani ya mwanafunzi mwenye heshima zake zote iliyokuwa imwambie mwenyeji wake hivyo. Kwa mtu ambaye damu zenu zimepatana tu, sema "me cae bien," na asiyepatana nawe, "me cae mal." Kwa mzazi, mtoto na mpenzi lipo "te quiero," na "te amo" lililo zito zaidi.

Tufanyeje, basi? Ningependa walimu wenzangu waanze somo la kwanza la muundo huu kwa zahanati, si kwa mgahawa. Mmoja mgonjwa, mmoja daktari, na dakika arobaini za kuuma: kichwa, tumbo, macho, miguu, mimi, wewe, yeye. Wakitoka hapo wanajua "duele" na "duelen" bila kusikia neno hata moja la nadharia. Siku ya pili wapelekwe dukani: viatu vinanibana, "me aprietan los zapatos", zimenibakia shilingi elfu mbili, "me quedan dos mil chelines", muda umenipungukia, "me falta tiempo." Siku ya tatu ndipo "gustar" iletwe, nayo ifike kama jirani. Kwa wiki mbili za mwanzo mimi hulifungia neno "kupenda" nje ya darasa kabisa. Anayetaka kulisema atumie "kupendeza," hata kama Kiswahili chake kitasikika kigumu. Wanaoandaa faharasa waandike "gustar: kupendeza (kwa mtu)," na "kupenda" ije chini yake kama tafsiri ya maana. Na watunga mitihani waache kumpima mwanafunzi kwa kumpa sentensi ya Kiingereza aigeuze Kihispania; wanampima Kiingereza.

Zaidi ya hayo, nataka wanafunzi wafike mahali ambapo vitabu vingi hupaweka mwishoni kabisa, kwa sababu kwetu pako karibu. Yule kijana wa Mji Mkongwe alirudi kwangu miezi michache baadaye akihangaika: alikuwa amepoteza funguo za gari la wageni na hakujua alisemeje bila kujitwika lawama zote. Nilimuuliza angemwambiaje mama yake. "Funguo zimenipotea," akasema. Nikamwandikia: "se me perdieron las llaves." Alikitazama kitenzi, akaona wingi wa "llaves," akaiona "me," akanyamaza kidogo. Kisha akaendelea mwenyewe, bila mimi kumsaidia: kikombe kimeniponyoka, "se me cayó la taza", jina lako limenitoka, "se me olvidó su nombre."